Bati la Dakota

Miezi mitano sasa nina ndege moja mezani. Ni Dakota, ile DC-3 ya Douglas iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Yangu ni ya plastiki, ya kuunga kwa gundi, kipimo cha 1/72. Ndege yenyewe ilikuwa na karibu mita 29 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Hii yangu ina sentimita 40 na inaenea vizuri juu ya kasha la mama. Kuiunga kulinichukua wiki mbili. Siku zote zilizobaki zimeishia kwenye rangi, kwa sababu Dakota niitakayo haikupakwa rangi. Ilikuwa bati tupu la alumini.

Mimi ni mtu wa boti. Navusha abiria kati ya gati la Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, na Lamu mjini, kwa hiyo ndege naziona kila siku ya Mungu. Karibu zote ni nyeupe. Ya bati sikuwahi kuiona kwa macho yangu, nimeirithi kwa masimulizi ya Ami, aliyeipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi miaka ya 1960, enzi za East African Airways. Kila akiisimulia huanza na mlango. Unaingilia nyuma karibu na mkia, na kwa kuwa mkia umekalia kigurudumu chini, ukishaingia unapanda mlima humo humo ndani mpaka ufike kwenye kiti chako. Halafu ndio anafika kwenye bati: jua la Mombasa lilivyolipiga hata watu wakaweka mikono machoni.

Basi nilianza kama kila anayeanza. Nikanunua kopo la rangi ya fedha ya kupuliza, ile ya kupakia mageti, nikaimwagia ndege nzima. Ami akaitazama muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii ni sufuria mpya." Na kweli. Ilikuwa fedha ya aina moja toka pua hadi mkia, tena ya vumbi vumbi, haina kina.

Nikaivua yote kwa thina nyepesi, nikaanza upya. Siri ya rangi za chuma kama Alclad ni kwamba ndani yake mna vipande vidogo mno vya chuma, na vipande hivyo hung'aa kama kioo pale tu vinapolala chali, bapa, vyote. Uso ulio chini ukikwaruza, vinakaa shaghalabaghala na mwanga unapotea. Kwa hiyo kazi kubwa iko chini: nyeusi ya kung'aa, laini kama maji ya mkondo alfajiri kabla ya upepo. Juu yake unapuliza chuma kwa tabaka nyembamba nyembamba, kwa upepo wa psi 12 hadi 15 tu, nusu ya ule unaotiwa kwenye tairi la gari dogo. Weusi ule ndio unaoipa fedha kina chake.

Hiyo nyeusi ndiyo iliyonitesa. Niliipuliza mwezi wa Mei, mvua imeshika, hewa nzito. Nilitumia laka ya gari, ikatoka kwenye bunduki ya kupulizia rangi ikiwa nyeusi kabisa, na kabla sijahesabu ishirini ikaanza kufanya ukungu mweupe kama maziwa juu ya bawa lote. Nilidhani nimeuziwa thina iliyochanganywa. Kumbe thina inapokauka kwa haraka huupoza uso uliopakwa, na unyevu wa hewani ukaganda pale pale, vile vile bilauri ya maji ya barafu inavyotoa jasho. Laka ikakauka na unyevu tumboni. Nilisugua tena kwa msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, nikangoja siku kavu ya jua, nikapaka kati ya saa tano na saa nane mchana, na mara tu nilipomaliza nikaiingiza kwenye sanduku lenye balbu inayowaka ndani. Ikatoka nyeusi ya kujitazama uso.

Jirani yangu sonara ndiye aliyenifundisha kuikagua. Alikataa katakata kuitazama chini ya taa. Aliipeleka dirishani, akaiinamisha polepole mpaka mwanga ukateleza juu ya bawa, na hapo nikaona mikwaruzo ambayo ningeapa haipo, pamoja na alama ya kidole gumba changu nyuma ya injini ya kushoto. Rangi nyingine husitiri. Hii haisitiri chochote. Tangu siku ile sigusi plastiki bila kunawa mikono kwa sabuni, maana mikono ya mtu wa boti ina mafuta hata akiwa likizo.

Baada ya chuma kukauka ndipo kazi niliyoipenda zaidi ilipoanza, kuyatofautisha mabamba. Ndege haikutengenezwa kwa bati moja. Ni mamia ya vipande, kila kimoja kimetoka kwenye karatasi yake, na bati lililobanwa kati ya roli za kiwandani lina mwelekeo kama mbao ilivyo na nyuzi. Weka vipande viwili vya bati lile lile, kimoja cha kulala na kimoja cha kusimama, mwanga utavitenganisha. Nilifunika kwa utepe, bamba hili nikalitia tone la nyeusi, lile tone la kahawia, jingine nikaliacha. Mabamba manne ya karibu na pua nikayavika karatasi ya alumini ya jikoni, upande wake uliofifia ukiwa nje, nikaisugua kwa pamba kuelekea upande mmoja tu.

Hapa nilijizuia sana. Modeli hii nikiishika sentimita 50 kutoka jichoni ni sawasawa na kuitazama ndege halisi nikiwa mita 36. Umbali huo nikiwa gatini siwezi kuhesabu ribiti za ndege. Tofauti ya bamba na bamba iwe ya kuhisi, isipige kelele.

Na usukani wa mkia, pamoja na vile vibawa vinavyochezacheza nyuma ya mabawa na mkiani, nikavinyima mng'aro kabisa. Kwenye Dakota hivyo vilikuwa kitambaa kilichowambwa, kikapakwa rangi ya fedha. Wengi huvipaka chuma kama mwili, na mimi kila nikiona hivyo roho inaniuma.

Kuchakaza nilidhani kungekuwa rahisi kwangu, mtu niliyeishi na vitu vilivyoliwa na bahari. Ajabu, nilianza kwa kosa la mtu wa bara: nikaweka kutu nyekundu kwenye maungio. Alumini haifanyi kutu nyekundu! Nalijua hili kila asubuhi. Guu la mashine yangu ya boti ni alumini, na mahali rangi ilipobanduka chumvi imelila kwa vidoti vidoti, na kila kidoti kina unga mweupe kama wa ngano; ukiukwangua kwa ukucha unakuta kishimo. Ndio maana tunafunga zinki, iliwe yenyewe badala ya guu. Nikaifuta kutu yote. Badala yake nikafifisha bati la tumboni kwa tabaka jembamba sana la vanishi isiyong'aa, na kwenye maungio mawili matatu nikagusa kijivu cheupe kwa ncha ya brashi.

Kosa la pili lilinichukua wiki nzima kulijua. Pale Manda zinatua ndege ndogo nyingi aina ya Caravan, na Caravan ina bomba moja la moshi, chini upande wa kulia, kwa hiyo tumbo lake upande ule lina mfereji mweusi wa masizi. Nimeutazama miaka. Nikauhamishia kwenye Dakota, nyuma ya injini zote mbili, mweusi tii, nikafurahi nao. Ami akasema moshi ule si wake. "Ule ulikuwa kama majivu ya jiko, si kama masizi ya koroboi."

Nilibisha kidogo, kisha nikafikiri. Caravan inachoma mafuta ya jeti, ndugu ya mafuta ya taa, na masizi yake ni ya koroboi kweli. Dakota ilichoma petroli ya ndege yenye madini ya risasi ndani yake, na risasi ikiungua huacha majivu ya kijivu yanayoelekea udongo. Ami alikuwa amebeba jibu kichwani miaka sitini bila kujua sababu yake. Nikasaga chaki nyeupe, mkaa kidogo na chaki ya kahawia juu ya msasa, nikapaka kwa brashi kavu kufuata upepo: katikati ya mkondo kijivu cheupe, kingoni kahawia. Oili nayo nikaiweka peke yake, rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia nzito, tone moja nyuma ya kifuniko cha injini, nikalivuta nyuma kwa brashi yenye thina mpaka likawa uzi. Injini zile za mviringo, silinda 14 kila moja, zilivuja kwa tabia.

Ijumaa baada ya sala nikaitoa barazani. Ami akaipokea kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa kichochoroni, akaigeuza tumbo juu. Alipofika kwenye kile kijivu hakusema kitu, ila alikitazama muda. Kisha akaigeuza ubavu wa kushoto, akagusa mahali karibu na mkia.

"Mbona mlango umeufunga? Watu wataingilia wapi?"

Nimeshaanza kuukata, kwa wembe, ukucha mmoja kila usiku.