Mradi wa karatasi ya mizigo, wiki ya tatu: mikuki inakaa wapi?

Karatasi hii ni sheria zangu za mahali mhusika wa mchezo anapobeba vitu vyake, na wiki hii sikuandika sheria hata moja hadi Jumamosi. Nilikuwa nakata mipini ya mafagio.

Chanzo ni ubishi wa mezani. Mpiganaji wetu yuko levo ya 5, ana mashambulizi mawili kwa zamu, na silaha yake ni mikuki ya kurusha. Kwa sheria za Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) za mwaka 2014, bure unachomoa kitu kimoja tu kwa zamu. Akianza na mkuki mkononi, zamu ya kwanza anarusha miwili. Kuanzia ya pili ni mmoja mmoja, shambulizi jingine linapotea hivi hivi. Mwenye upinde hajui shida hiyo, kwa sababu kutoa mshale kumo ndani ya shambulizi lenyewe. Toleo la 2024 likamaliza kero: silaha ya kurusha unaichomoa palepale unaposhambulia. Tukahamia huko, na jamaa akaja na mikuki 12. Nikamuuliza imekaa wapi.

"Kwenye shanta, bosi."

Haya. Nikachukua mipini mitano ya mita 1.2 na bomba la PVC la sentimita 90, nikalifunga mgongoni kwa kamba. Unashika mpini usawa wa bega, unavuta mpaka mkono unanyooka wote juu ya kichwa, na bado shubiri nzima imo ndani ya bomba. Nikalikata likabaki sentimita 50. Ukatoka vizuri, ila nilipoinama kuuokota, minne iliyobaki ikanimwagikia kisogoni.

Kilichonikubali ni kushika mitatu kwa mkono wa kushoto, uleule niliofunga kifuniko cha ndoo kiwe ngao, na mmoja kulia. Velites, askari wepesi wa Roma ya kale, waliingia vitani na ngao ndogo ya duara na mikuki kadhaa. Sasa naelewa kwa nini ngao ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo karatasi ina sehemu tatu. Mkono wa ngao: unachomoa bure kwa kila shambulizi, mwisho mitatu. Podo la mgongoni: mmoja kwa zamu. Shanta: kitendo kizima cha zamu, yaani hushambulii, na usinilalamikie.

Tulijaribu pambano la raundi nne, kila mara akianza na mkuki mkononi. Sheria za 2014 zilimpa mirusho 5, za 2024 mirusho 8, zangu 6, maana alimaliza kwanza ya mkono wa ngao ndipo akaingia podo. Nimeridhika na 6. Umbali sijaugusa, ingawa mwisho wa mkuki wa mchezoni, futi 120, kama mita 36, unachekesha ukikumbuka mrusha mkuki Julius Yego alifikisha mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015.

Visu bado. Jamaa ameshauliza kama kila buti linahesabiwa ala yake.