Nuhu anapita, Noah anagoma: majina ya Biblia kwa alama za elementi

Kuna kamchezo ka watu waliowahi kupita kwenye kemia, unachukua jina unaliandika kwa zile alama za jedwali la elementi peke yake, kuanzia H, He, Li mpaka kule mwisho Og, herufi isibaki hata moja na usichomeke ya kwako. Wanaotumia majina ya Kiingereza wakifika kwenye wanaume wa Biblia wanateseka sana maana wamejaza J kila kona, John, James, Joseph, Jacob, Jonah, Joshua, Jeremiah, Job, na J haipo. Elementi ziko 118, zipitie zote unavyotaka, J hamna wala Q hamna.

Sisi hiyo shida haituhusu. Sisi tuna Y, itriamu, elementi namba 39, jina lake limetoka Ytterby, kijiji cha Uswidi karibu na Stockholm chenye machimbo ya zamani yaliyotoa majina ya elementi nne, Y, Yb, Tb na Er, kijiji kimoja tu jamani. Kwa hiyo Yona wetu anaandikika bila jasho, Y-O-Na, wakati Jonah wao kagoma mlangoni.

Alafu kuna suala la irabu, na hapa ndo kila kitu kinapoamuliwa. Kati ya irabu tano tatu ni elementi zinazojitegemea: I ni ile madini joto ya kwenye chumvi, O oksijeni, U urani. A na E hazipo peke yake, lazima zikodi chumba kwa mwenzao. A inakaa kwenye Ba, Ca, Ga, La, Na, Pa, Ra, Ta, au inatangulia kwenye Ac, Ag, Al, Am, Ar, As, At, Au, nje ya hapo haina kwa kwenda. Sasa sisi jina la kigeni likiingia tunalifunga kwa irabu, na mara nyingi ni i au u, yani tunalifunga kwa madini joto au kwa urani bila kujua. Nuhu ni N-U-H-U, urani mbili ndani ya safina moja. Noah wa Kiingereza anaanza vizuri na No, nobeliamu, alafu "ah" inabaki imesimama nje na mvua inanyesha.

(Natumia majina ya Biblia ya Union, ile wengi wetu tumekua nayo. Wenye tafsiri nyingine matokeo yenu yatatofautiana kidogo, msije kunigombeza.)

Utamu wenyewe uko nyumbani kwa Yakobo. Mzee mwenyewe hapiti, a yake imebanwa kati ya Y na k na hakuna anayeitaka, ila angalia watoto. Reubeni, Re-U-Be-Ni, safi kabisa. Simeoni anakwama kwenye m. Lawi ni La-W-I, Levi wa Kiingereza hana hata pa kuanzia. Yuda, Dani na Gadi wote wameuawa na d, maana D peke yake haipo, kuna Db, Ds na Dy tu upande wa mbele na Cd, Gd, Md, Nd, Pd upande wa nyuma. Naftali anapita. Asheri, As-H-Er-I, anapita na hiyo Er ni ya Ytterby tena. Isakari hapana, Zabuloni hapana. Yusufu ni Y-U-S-U-F-U, urani tatu, na Wakatoliki wanaosema Yosefu wala wasihangaike, Y-O-Se-F-U nayo inakubali. Kitindamimba Benyamini sasa, huyu nampenda kuliko wote, Be-N-Y-Am-In-I, elementi sita zimepangana kama zilikuwa zinamsubiri.

Sita kati ya kumi na mbili. Kwa Kiingereza wanapita wanne tu, Reuben, Naphtali, Asher na Issachar, na hapo kwa Issachar lazima nikubali wametupiga bao, I-S-S-Ac-H-Ar, sisi tulipomfanya Isakari tukamharibia. Ila ukigawa kwa mama zao inachekesha: Lea kazaa sita wamepita wawili, Bilha mmoja kati ya wawili, Zilpa hivyo hivyo, Raheli kazaa wawili na wamepita wote wawili. Yakobo hapo angesema mi niliwaambia.

Naomba nirudi kwa Naftali kidogo. Na-F-Ta-Li, sodiamu, florini, tantalamu, lithiamu. Hizo mbili za mwanzo ukiziunganisha unapata NaF, floraidi ya sodiamu, ile inayowekwa kwenye dawa nyingi za meno, na florini hiyo hiyo ikizidi kwenye maji ya kunywa ndo inawapa watu wa Arusha na maeneo ya jirani yale meno ya kahawia ambayo ukimuona mtu tu unajua katokea wapi. Mbili za mwisho ni Kongo tupu, tantalamu inatoka kwenye koltani na inaishia ndani ya simu unayosomea hapa, lithiamu ya kwenye betri ipo nyingi sana ardhini kule Manono. Jina la mtu wa Mwanzo sura ya 30 limebeba dawa ya meno na simu.

Sasa kuna kesi inayoniuma. Chukua Habili, Hagai na Yohana. Wote watatu wanakwama sehemu moja, Ha. Hiyo Ha ilikuwepo. Elementi namba 105 Wamarekani wa Berkeley waliipa jina haniamu mwaka 1970, kwa heshima ya Otto Hahn wa Ujerumani, na kwa miaka mingi majedwali ya kwao yaliandika Ha kabisa. Warusi wa Dubna nao wakasema sisi ndo tulioiona kwanza, vita baridi ikahamia kwenye kemia, kila upande na jedwali lake. Mwaka 1994 wasuluhishi wakaleta pendekezo la tatu, joliotiamu, alama Jl, kwa hiyo J nayo ilifika mpaka mlangoni ikarudishwa, na mwaka 1997 ikaamuliwa rasmi iitwe dubniamu, Db. Ha ikafa. Ha-B-I-Li akafa mara ya pili, Ha-Ga-I akaondoka, Y-O-Ha-Na akaondoka, na tulichopewa badala yake ni d na b zimeshikana, we nitajie jina moja la Kiswahili lenye hizo herufi zimeshikana hivyo. Hakuna.

Na huyo Hahn mwenyewe ana stori. Desemba 1938 yeye na Fritz Strassmann walikuwa wanaipiga urani kwa nyutroni, wakadhani wanachopata ni radiamu, wakapima na kupima, kumbe ni bariamu, yani urani imepasuka. Aliyewasaidia kuelewa ni Lise Meitner, mwenzao aliyekuwa ameshawakimbia Wanazi yuko Uswidi. Hahn akapewa Nobeli peke yake, Meitner hakupewa, lakini kwenye jedwali leo Meitner yupo, Mt, namba 109, na Hahn hayupo. Bariamu, radiamu, bariamu. Andika kwa alama: Ba-Ra-Ba. Ndo yule yule Baraba aliyefunguliwa badala ya Yesu.

Ukiendelea kuchambua unagundua jedwali halina upendeleo kwa watu wema hata kidogo. Kuhani Eli hapiti, Samweli aliyemlea hapiti, lakini wale watoto wake Eli waliokuwa wanakula nyama za sadaka kwa mabavu, Ho-F-Ni na F-I-Ne-H-As-I, wamepita tena kwa mbwembwe. Kora aliyemezwa na ardhi, K-O-Ra. Nabali mlevi mchoyo, Na-Ba-Li. Labani na ujanja wake wote, La-Ba-Ni. Balaamu anapita, Ba-La-Am-U, na mfalme aliyemkodi aje kulaani watu anapita pia, Ba-La-K-I. Esau aliyeuza uzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu ni Es-Au, na Au ni dhahabu, alikuwa nayo kwenye jina muda wote, ila hiyo Es ni ainstainiamu, iligunduliwa kwenye mabaki ya bomu la kwanza la hidrojeni 1952, sasa sijui ukitaka kumrithi unarithi nini. Afadhali Nabothi, Na-B-O-Th-I, shamba lake la mizabibu walimpora lakini Ahabu aliyempora hapiti, haki kidogo ipo.

Musa hapiti. Jina likianza na M ikafuatwa na a, e, i au u limekufa hapo hapo, kwa hiyo Mika, Malaki, Mathayo, Marko, Methusela wote kapu moja na Musa. Ila Haruni, H-Ar-U-Ni, yupo anamsemea kaka mdogo kama kawaida yake. Daudi na Sulemani nao nje, lakini mjukuu Rehoboamu aliyeugawanya ufalme yumo, Re-Ho-B-O-Am-U, na mpinzani wake Yeroboamu yumo pia, Y-Er-O-B-O-Am-U. Hiyo Am ya kwenye "-amu" ni amerisiamu, imetupitishia na Hamu na Yothamu. Amerisiamu hiyo hiyo inatumika kwenye vile vifaa vya kugundua moshi vinavyobandikwa darini, na nani mwingine anayo? Samsoni, S-Am-S-O-Ni, yule aliyefunga mienge kwenye mikia ya mbweha mia tatu akachoma mashamba ya Wafilisti. Henoko naye, He-No-K-O, alitembea na Mungu akatwaliwa juu bila kufa, na jina lake linaanza na heliamu, gesi inayopaisha maputo, ile waliyotangaza mwaka 2016 kwamba imelala chini ya ardhi ya bonde la Rukwa.

Manabii wadogo sitawapotezea muda, kumi na wawili wote wamepita Amosi na Yona basi. Majina yanayoishia na "-eli" iliyotanguliwa na irabu nayo sahau, Danieli, Ezekieli, Yoeli, E haina wa kumshika mkono.

Agano Jipya: waandishi wa injili wanne, sifuri. Petro hapiti, ila ukimwita jina lake la zamani, Si-Mo-Ni, anapita, na Filipo, F-I-Li-Po, anapita. Barnaba ana mtego, ukianza na Ba unaangukia Rn alafu umekwama, inabidi uanze na B: B-Ar-Na-Ba. Sila, Si-La, sawa. Onesimo mtumwa anapita, O-Ne-Si-Mo, Filemoni bwana wake hapiti. Na Paulo, hapo jedwali limefanya kejeli, akiwa Sauli anawatesa watu ni S-Au-Li, akiokoka akawa Paulo, hapiti. Kuna yule kijana naye wa Matendo 20, Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, yeye kakaa dirishani ghorofa ya tatu usingizi ukamchukua akadondoka, wakamuokota amekufa, Paulo akamuinamia akafufuka, kisha Paulo akaendelea kuongea mpaka alfajiri. Aliyehubiri hapiti. Aliyesinzia ni Eu-Ti-K-O.

Wanawake bado sijawagusa vizuri, Sara na Rebeka na Lea nimeona zile a za mwisho nikakata tamaa, ila Ruthu keshapita, Ru-Th-U.