Siku moja maishani mwangu: kaunta mbili, stoo moja

Saa mbili kasoro asubuhi niko Gerezani, Dar es Salaam, duka la vipuri linafunguliwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Leo unamaliza, kijana?" Namwambia inshallah.

Kila kaunta ina faili lake la Excel, na dada wa mahesabu anakesha kuyalinganisha. Mzee anataka kaunta zote zisome hifadhidata moja ya MySQL iliyo kwenye kompyuta ya ofisi ya nyuma, ndiyo seva yetu, ila hataki kununua programu, na wauzaji hawataki kuachana na Excel. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, Visual Studio, programu nzito ya kuandikia programu, ingeizimisha. Basi nitaandika humohumo ndani ya Excel: ukibonyeza Alt na F11, VBA, lugha ya programu iliyomo ndani ya Excel, hiyo hapo, bure.

Saa tatu nasakinisha draiva ya ODBC, daraja la kuiunganisha Excel na MySQL. Najaribu muunganisho kwenye dirisha lake, unapita. Narudi Excel, inakataa. Nabadilisha nywila, inakataa. Nazima na kuwasha, inakataa. Nimepoteza saa mbili nzima kabla ya kuusoma ujumbe vizuri: draiva na programu haviendani. Windows ni ya biti 64, nami nikaweka draiva ya biti 64, kumbe Office ya hapa ni ya biti 32, na inayoita draiva ni Office. Tena dirisha la ODBC la biti 32 limo kwenye folda iitwayo SysWOW64, na la biti 64 limo System32. Aliyepanga majina hayo tukutane.

Saa sita bando langu linaishia kwenye kupakua draiva sahihi. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa nane Excel ya ofisi ya nyuma inasoma bei. Kaunta zote mbili kimya. Nafungua poti 3306, mlango wa MySQL, kwenye faiawoli ya seva, sasa MySQL yenyewe inanifukuza, maana humtambua mtu kwa jina pamoja na mashine anayotokea, na mtumiaji wangu nilimsajili kwa localhost tu, yaani seva yenyewe. Namsajili upya kwa mtandao wa dukani, ruhusa ya kusoma na kubadilisha idadi, basi. Root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, simpi mtu.

Saa kumi ndiyo sehemu niliyoiogopa. Beringi imebaki moja, kaunta mbili zinaiuza kwa pamoja. Excel ikisoma 1, ikatoa, ikarudisha 0, zote mbili zitauza. Kwa hiyo hesabu naiachia seva, ipunguze moja ikiwa tu bado ipo:

UPDATE stoo SET idadi = idadi - 1 WHERE namba = '6203' AND idadi > 0

Kisha VBA inauliza ni mistari mingapi imebadilika. Ikiwa sifuri, hakuna risiti.

Nawaambia wauzaji wabonyeze pamoja. Moja, mbili, tatu! Kaunta ya kwanza inatoa risiti. Ya pili: IMEISHA.

"We! Umeuza beringi yangu?"

Mzee anacheka hadi miwani inamtoka. Naiacha draiva ya biti 32 kwenye flashi, ndani ya droo ya risiti.