Nilivyomvisha sungura kola usiku ili nimnyang'anye mavi yake

Mnaofuga sungura nisikilizeni mimi niliyezika tisa ndani ya siku nne, achaneni na wale wanaowaambia "wawekee amoksilini tu kwenye maji". Amoksilini ni dawa ya kuua bakteria, na huo ushauri nilipewa na jirani yangu anayefuga kuku, mtu mzima, nikamwamini. Vitoto vyangu vya wiki nne vilikuwa vinaharisha, nikafungua zile kapsuli za rangi mbili nikamwaga kwenye maji, na kwa ujuaji wangu nikawapa mpaka wakubwa waliokuwa wazima kabisa eti wajikinge. Baada ya hapo kazi yangu ikawa kuchimba.

Nikamwita dada mmoja daktari wa mifugo, kasoma SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, tuko naye huku Tengeru, Arusha. Akaangalia banda, akaangalia kopo la maji, akaniangalia mimi. "Kaka, hawa wakubwa hawakuwa wanaumwa. Umewaua na dawa." Nilitaka kubisha ila majembe yalikuwa bado yana udongo.

Alivyonieleza ni kwamba sungura mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya nyuzinyuzi za majani, wanaomfanyia hiyo kazi ni bakteria waliojaa kwenye sikamu, ule mfuko mkubwa uliopo pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, yaani peke yake unabeba kama asilimia 40 ya vyote vilivyomo tumboni. Wanachachusha majani, zinatoka asidi za mafuta zinaingia kwenye damu, mnyama anapata nguvu. Sasa ukimnywesha amoksilini, ampisilini au penisilini unafyeka wale wazuri, anabaki klostridia, bakteria mbaya, na uwanja wake, anamwaga sumu, sungura anaharisha anaondoka. Na pumba nilizokuwa nawajazia ndo zilianza kuvuruga, maana wanga mwingi na majani kiduchu hao bakteria hawautaki.

Halafu kuna hili la aibu. Miezi yote nilikuwa nikimkuta sungura ameinama anajilia mavi moja kwa moja kutoka nyuma nampiga kofi, naona ana uchafu. Kumbe ng'ombe anachachushia majani mbele, kabla chakula hakijafika utumboni, huyu anachachushia nyuma, utumbo mwembamba umeshapitwa, kwa hiyo protini na vitamini B walizotengeneza bakteria zingepotea bure. Inabidi azile tena. Ni kucheua kwa mlango wa nyuma, basi. Na vitoto vinapata bakteria kwa kula kinyesi cha mama, mimi kila asubuhi nilikuwa nasugua kiota kwa dawa nasifiwa usafi.

Sasa jike langu kubwa lilikuwa bado hai ila halili, limejikunyata tu. Dada akasema kuna njia moja, lipate bakteria kutoka kwa sungura mzima, kwenye ule mzigo laini wa usiku, yaani yale mavi anayoyala tena, tatizo mwenyewe anaumeza kabla haujagusa chini. Dume langu lilikuwa kwa shemeji, halikunywa ile dawa. Nikalivisha kola ya boksi lisifike nyuma. Likaila kola kabla sijafunga mlango. Nikakata dumu la lita tano, nikazungushia plasta kwenye kingo lisijikate, likakaa pale kama mtu aliyevaa feni shingoni, linanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mnyama. Siku ya kwanza nikapitiwa na usingizi nikakuta limeshakanyaga kila kitu. Ya pili nikaamka saa kumi alfajiri na tochi, na kweli, kichala cha vipunje vyeusi vinang'aa kwa ute, kama forosadi iliyoiva, ila harufu sio ya forosadi. Mama watoto akatokea mlangoni, "Baba Junia, saa hizi unachambua mavi?" Sikuwa na muda wa kueleza, hao bakteria hewa inawaua, nikakoroga haraka kwenye maji ya vuguvugu nikamnywesha jike pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano bila sindano. Kola unavua asubuhi, usije ukamwacha nayo.

Asubuhi tatu hivyo. Siku ya nne nikakuta vigolori vikavu vitano vya mavi ya kawaida chini ya jike, nikamwita mama watoto aje ashuhudie, hakuja. Dada anasema yawezekana lililosaidia zaidi ni majani makavu tuliyoanza kumpa, sawa, ila dumu nilikata mimi.

Gharama sikumbuki vizuri, daktari kama elfu 20 na nauli ya boda. Siku hizi majani makavu hayakosekani bandani, pumba konzi tu, vitoto naachisha wiki ya sita, chakula kipya nachanganya kidogo kidogo.

Jirani alipita juzi. Anasema zile kapsuli zilikuwa zimeeksipaya.