Kulwa na Doto wa tenisi, na ule mpira wa katikati

Jumamosi tumefungwa tena na wale jamaa wa benki, 6-4 6-3, na pointi ya mwisho imeisha kwa aibu ile ile ninayoijua tangu utotoni. Mpira ulikuja katikati yetu, taratibu kabisa, mpira wa kubembeleza, mimi nikasema "yako", Kulwa naye akasema "yako", ukapita pale pale kati ukadunda mara mbili sisi tunaangaliana. Mzee anayetunza uwanja alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki na redio yake, akacheka mpaka akaipunguza sauti. "Nyie mmelala tumbo moja miezi tisa, mpira mmoja unawashinda kugawana?"

Kwa wasio wa kanda ya ziwa: kwetu Usukumani mapacha wa kwanza kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, hakuna mjadala, ukisikia jina unajua nani alitangulia. Mimi ndo Doto. Na Doto anajua maisha ya kurithi viatu vya mtu mliyezaliwa siku moja hahaha.

Sasa usiku ule mguu unauma, usingizi hakuna, nikaanza kusoma mambo ya tenisi ya wawili wawili ilianzaje anzaje, maana sisi tumeicheza miaka yote hii bila kujua. Kumbe Wimbledon walipoanza 1877 hakukuwa na dabo kabisa, ilikuwa mtu na mtu, wanaume tu. Ubingwa wa wawili wawili ulianzia Oxford, 1879, mashindano ya klabu ya chuo kikuu, wakachukua Erskine na Lawford. Ulikaa huko Oxford mpaka 1884 ndo ukahamishiwa Wimbledon, na kombe lenyewe wakalitoa watu wa Oxford. Mwaka huo huo wanawake nao wakaanza kucheza ubingwa wao wa mmoja mmoja, akachukua Maud Watson.

Na nani waliokuwa wanautawala huo ubingwa wa wawili? Mapacha! William na Ernest Renshaw, waliozaliwa 1861. Walichukua Oxford 1880 na 1881, halafu Wimbledon 1884, 1885, 1886, 1888 na 1889. Mara saba aisee. Niliamka nikakaa kitandani. William ndo alitangulia, kwa dakika kama 15 hivi, kwa hiyo huyo ndo Kulwa, na Ernest ni Doto mwenzangu. Tangu hapo nikawa nasoma kwa upendeleo, siwezi kuficha.

Maana angalia hii. William alichukua ubingwa wa mmoja mmoja mara saba pia, ule wa kwanza 1881 alimfunga mchungaji, Hartley, 6-0 6-1 6-1, mechi haikufika hata dakika 40. Mwaka 1882 aliyekutana naye kwenye mechi ya ubingwa ni nani? Ernest. Seti tano, Doto akafungwa. 1883 tena, seti tano tena, Doto akafungwa tena. 1889 tena. Yaani mara tatu mbele ya watu unasimama upande wa pili wa neti unamwangalia mtu mwenye sura yako anakufunga, halafu siku nyingine mnasimama upande mmoja mnawafunga wengine pamoja. Ernest alipata wake mmoja, 1888, mwaka ambao kaka yake alishatolewa njiani. Mimi ningenuna mwezi mzima, na mama angepika sato wa nazi atuite mezani nisingeenda (ningeenda).

Kilichonigusa zaidi ni fainali ya wawili ya huo huo 1888. Mwaka wa kabla yake William hakucheza, kiwiko kilikuwa kinamsumbua, ubingwa ukaenda kwa Wilberforce na Bowes-Lyon. Wakarudi mapacha kuutafuta, wakachapwa seti mbili za kwanza, 6-2 na 6-1. Mimi na Kulwa tukifika hapo huwa tunaanza kutafutana lawama, mara raketi yako, mara ulichelewa kula. Wale wakachukua tatu zilizobaki, 6-3 6-4 6-3. Sijui walisemeshana nini pale kati, au hawakusemeshana kabisa.

Halafu kuna jambo la neti ambalo limenifungua macho. Mwaka 1877 neti kwenye nguzo ilikuwa na futi 5, katikati futi 3 na inchi 3, yaani imeinama kama kamba ya kuanikia nguo. Ukitaka kupitisha mpira pembeni unapanda mlima, kwa hiyo njia rahisi ni katikati. Baadaye wakaishusha, kufikia 1882 nguzo zikawa futi 3 na nusu na katikati futi 3, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo hata pale kwetu, ingawa ya kwetu inafungwa na kipande cha wavu wa sangara palipochanika. Katikati bado ndo chini. Kwa hiyo jamaa wa benki hawana uchawi wowote, wanapiga mpira palipo chini, na pale ndipo tulipo mimi na Kulwa na heshima zetu.

Maana tatizo letu ni heshima, sio mguu. Mama alitufundisha mdogo amwachie mkubwa, na mkubwa amhurumie mdogo, basi mpira ukija kati mimi namwachia yeye ananihurumia, unapita. Na upepo wa ziwa wa alasiri ndo unausukuma kabisa.

Nimempigia Kulwa jana, yuko Geita kikazi, nikamsimulia yote hayo mpaka salio likakata, akanipigia yeye. Nikamwambia kuanzia sasa mpira wa katikati ni wa aliye upande wa kushoto, maana sote tunapiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto ndo mpira unamjia kwenye mkono wake mzuri. Akakubali haraka sana. Nikamwambia na kushoto nakaa mimi. Akanyamaza. Akasema hiyo tutaongea akija.

Anashuka na feri ya Kamanga Jumamosi mchana, mechi saa kumi. Mwenye mipira mipya aje nayo jamani, ya kwetu imeisha manyoya.