Siku moja maishani mwangu: kazi yangu ni kuchana kitambaa cha puto

Saa 1 asubuhi niko kwenye basi, Bedford, Uingereza, baridi ya kuuma masikio. Upande wa Cardington yanaonekana yale mabanda mawili ya meli za anga, yale maputo makubwa ya kubeba abiria, hapo ndo ilitoka moja iliyoitwa R101 mwaka 1930 ikaenda kuanguka Ufaransa na watu 48 wakafa. Mifuko yake ya gesi ilitengenezwa kwa ngozi ya utumbo wa ng'ombe, siwatanii, kila nikinywa supu ya utumbo naikumbuka.

Saa 2 na nusu maabara. Sampuli zimelala humu tangu jana, nyuzi joto 23, unyevu asilimia 50. Leo ni kitambaa cha puto la heliamu, lile linalofungwa kwa kamba likakaa juu wiki na wiki: nje filamu, yani plastiki nyembamba, ya Tedlar ya kupigana na jua, halafu filamu nyingine ya Mylar ya kuzuia heliamu isitoroke, halafu poliesta iliyofumwa ndo inabeba nguvu, na gundi kati yao.

Saa 3 nakata vipande vya upana wa sentimita 5, vingine kwa mtande (nyuzi za urefu) vingine kwa mshindio (nyuzi za upana), wembe mpya kila saa maana uzi mmoja ukikatwa kombo majibu yote takataka. Mashine inavuta milimita 100 kwa dakika. Hesabu ya nguvu inayovuta kitambaa ni rahisi, puto refu kama bomba la nusu kipenyo mita 8 na presha paskali 500 unazidisha tu, nyutoni 4,000 kwa kila mita, yani kipande changu kinabeba 200, kama kilo 20 hivi, ila sisi tunataka kihimili mara 4 ya hapo. Vyote vimepita, isipokuwa cha tatu kimekatikia kwenye taya za mashine, hicho hakihesabiki, kata kingine.

Saa 6 nakula wali wa jana. Mdogo wangu wa Tanga kanitumia voisi, "kaka, yani unalipwa kwa kurarua vitambaa?" Ndiyo dogo, na bili nalipa.

Saa 7 ndo utamu. Injinia aliomba gundi iongezwe ili matabaka yasibanduke, na kweli nikibandua yanagoma. Lakini nikikata mpasuko mdogo halafu nivute, trrrr, kitambaa kinachanika kirahisi kuliko kile cha zamani! Nyuzi zikiwa huru kidogo zinasogeleana pale mpasuko ulipo zinasaidiana, kama wavuvi wanaovuta juya kamba ikiwa nzito. Ukizigandisha kwa gundi kila moja inakufa peke yake. Nimemwambia bosi, kakuna kichwa tu.

Saa 9 mashine ya kukunjakunja, hii mi naiogopa kuliko ya kuvuta. Puto hukunjwa, husafirishwa, hukunjuliwa, na pale mikunjo miwili inapokatana filamu hutoboka vitundu vya sindano. Nikapaka wino upande wa filamu, nikafuta: nukta tatu za bluu zimebaki kwenye kona ya mkunjo. Nguvu bado ipo kabisa, ila heliamu itapita hapo usiku kucha na hakuna atakayesikia.

Saa 11 jioni, kabla ya kutoka, nimetundika maungio, yani vipande viwili vya kitambaa vilivyogundishwa, ndani ya oveni ya nyuzi 60 na jiwe la kilo 20 chini yake, nikachora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa gundi. Ikifika kesho asubuhi mstari umesogea, tunaanza upya.