Siku moja maishani mwangu: kibarua wa msitu wa Karura, Nairobi

Saa 12:30 asubuhi. Geti la Barabara ya Limuru limeshafunguliwa na wakimbiaji wameniwahi. Mlinzi anapekua mikoba akitafuta chupa za plastiki za kutupa, zilizopigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020. Mzee mmoja ananung'unika, anayanywa maji yake yote papo hapo, anaiacha chupa, anapita. Mimi nina chai kwenye chupa ya bati, sina maneno na mtu.

Saa 1:00. Tunagawana mapanga, majembe na glavu. Kikosi chetu kinarudisha miti ya asili. Mvua za vuli zimeanza, kwa hiyo leo ni kupanda.

Saa 1:20. Kitaluni tunachagua miche iliyo tayari kutoka kwenye viriba. Muthiga ambao gome lake huwasha ulimi kama pilipili, mukinduri, na muhuhu, ambao ndio ninaoupenda. Muhuhu ndio mti hasa wa misitu ya Nairobi. Mbao zake ni ngumu na hazishambuliwi ovyo na wadudu, ndiyo maana wachonga vinyago waliuandama mpaka ukawa adimu sehemu nyingi. Tatizo lake ni kwamba hukua taratibu mno. Ninaoupanda leo, sitauona ukiwa mkubwa.

Saa 2:00. Tumefika kwenye eneo lililokuwa la mikaratusi. Watu huingia Karura, hekta 1,041 hizi, wakadhani kila mti umesimama hapa tangu enzi na enzi. Si kweli. Ardhi hii ilikuwa ya koo za Wakikuyu kabla ya serikali ya kikoloni kuichukua. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 injini zake zilikuwa zikila kuni, na mkaratusi kutoka Australia ukaletwa kwa sababu hukua haraka. Mwaka 1932 Karura ikatangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali, lakini sehemu kubwa yake ililimwa kama shamba la kuni na mbao. Ukisimama katikati ya mikaratusi utaona: mistari iliyonyooka, majani makavu chini, na karibu hakuna kichaka cha maana. Funo hana pa kujificha hapo.

Mikaratusi ikishakatwa, visiki huchipuka upya. Kazi yetu ni kuvinyoa machipukizi, tena na tena, huku tukipanda katikati yake.

Saa 4:15. Tunakunywa chai. Mama mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake anasimama mbele yetu, uso umekunjamana.

"Vijana, hamuoni haya? Profesa Wangari alipasuliwa kichwa kwa ajili ya msitu huu, na nyinyi mnakata!"

"Shikamoo mama. Hii ni mikaratusi. Tunapanda ya kwetu, njoo uone miche."

Anaiangalia. Hajaridhika sana, lakini anauliza jina la muhuhu na kulirudia mara mbili. Simlaumu. Sehemu za msitu huu ziligawiwa wajenzi binafsi, na mwaka 1998 waandamanaji wakachoma mitambo ya ujenzi humu ndani. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikuja kupanda mti, wakapigwa na genge la watu lililokodiwa. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mtu anayeijua historia hiyo akisikia panga Karura, lazima ashtuke. Afadhali huyo kuliko anayepita na masikio yamezibwa kwa muziki.

Saa 6:00 mchana. Tunahamia kando ya mto kung'oa lantana, gugu lenye maua ya kupendeza na roho mbaya. Hapa msitu ni wa asili na unasikia tofauti: hondohondo wanapiga kelele, shorobo anaruka na mabawa yanawaka mekundu. Juu kuna mbega. Hawa waliletwa upya kutoka upande wa Nyandarua miaka ya 2010, na wamekubali makao. Mbega hula majani, hivyo msitu wa mti mmoja haumfai. Kima wao hula chochote, pamoja na chakula chako ukizubaa.

Saa 8:00. Wanafunzi wanapita na mwelekezi wao kwenda kwenye mapango yanayosemekana kuwa Mau Mau walijificha humo. Kijana mmoja ananiuliza, "Mjomba, ni kweli hapa walikuwa wakichoma pesa?" Ni kweli. Benki Kuu ilikuwa na tanuri lake humu la kuteketeza noti kuukuu. Tangu hapo hakuna aliyemsikiliza mwelekezi. Wote wanataka kujua kama kuna zilizobaki.

Saa 9:30. Tunapita kando ya uzio wa umeme. Kabla ya wakazi kuungana na idara ya misitu kuuweka, hapa palijulikana kwa wizi, na mtu mwenye akili hakuingia peke yake.

Saa 10:00. Tunaosha zana, tunaandika miche iliyopandwa na mahali ilipopandwa. Mvua isiponyesha kesho, tutabeba maji mtoni kwa mitungi, na zamu ya kubeba ni yangu.